Kurekodi kunakatika, habari hazikunaswa: nikirudishe king'amuzi dukani?

SWALI: Nimenunua king'amuzi kipya cha stesheni za bure hapa Kilifi. Kisanduku kimeandikwa PVR na muuzaji akanihakikishia kinarekodi. Nikachomeka flashi mpya ya GB 64, kikaikataa. Kijana wa jirani akaifomati kwa laptopu yake, ikakubali, lakini kurekodi kunakatika: siku moja baada ya dakika 12, siku nyingine 35. Nikategesha habari za saa moja jioni, nikakuta hakuna kitu. Na kipande cha mechi kilichonaswa vizuri hakifunguki kwenye laptopu. King'amuzi kina siku tisa tu na risiti ninayo. Nikirudishe?

JIBU: Usikirudishe bado. Kati ya malalamiko yako manne, matatu huenda hayatokani na king'amuzi chenyewe, na la kukatika ndilo la kuchunguza kwa makini. Lakini siku za kubadilishiwa bidhaa hazikungoji, kwa hivyo fanya majaribio haya wiki hii hii, na risiti iweke karibu.

Tuanze na neno lililokuuzia. Kwenye ving'amuzi vya bei nafuu, PVR, yaani kirekodi vipindi, haimaanishi kwamba ndani kuna mahali pa kuhifadhi picha. Kipime tu kwa mkono: ni chepesi kama pakiti ya majani chai, hakina diski ndani. Kilichomo ni programu inayoweza kurekodi iwapo utaleta flashi au diski yako. Ni kama jiko la makaa, linauzwa bila makaa. Kwa hiyo ulinunua nusu ya mtambo, na nusu ya pili ni ile flashi uliyochagua labda kwa bei peke yake.

Tena kazi ya king'amuzi katika kurekodi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Hakipigi picha ya skrini. Matangazo ya dijitali yanapofika kwenye antena yameshabanwa tayari kwa mfumo wa MPEG-4, nacho hukichukua kile kijito cha data jinsi kilivyo na kukimimina kwenye flashi. Ndiyo maana picha iliyorekodiwa haipungui ubora hata kidogo, na ndiyo maana pia kasoro nyingi huwa upande wa pale data inapomwagwa.

Sasa flashi. Iliyokataliwa siku ya kwanza haikuwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Flashi za GB 64 na zaidi mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa kuhifadhi faili uitwao exFAT, na ving'amuzi vingi vinaelewa FAT32 pekee, au FAT32 na NTFS. Kijana wa jirani alipoifomati kwa Windows, dirisha la kawaida la kufomati halikumpa FAT32, kwa sababu kwa miaka mingi dirisha hilo limekuwa likificha FAT32 kwa chochote kinachozidi GB 32. Bila shaka alichagua NTFS. King'amuzi kikaikubali, lakini kuisoma NTFS na kuiandikia bila kukwama ni mambo mawili tofauti, na vifaa vya bei hii hukwama kwenye hilo la pili.

Njia fupi ni kuiacha kazi hiyo kwa king'amuzi chenyewe. Chomeka flashi, subiri kama sekunde 10 itambuliwe, ingia kwenye menyu ya USB au PVR, tafuta sehemu ya taarifa za kifaa, kisha chagua kufomati kwa FAT32. Kila kitu kilichomo kitafutika. Ukimaliza, zima na uwashe, halafu rekodi dakika 10 za stesheni yoyote. Kama menyu haina kipengele cha kufomati, tumia tarakilishi yenye programu ya kufomati FAT32 kwa ukubwa wowote, uchague vipande vya data (allocation unit) vya KB 32, na uhakikishe flashi ina sehemu moja tu, na jedwali lake la mgawanyo ni la aina ya MBR. Flashi zenye jedwali la aina ya GPT, ving'amuzi vingi havizioni kabisa.

FAT32 ina mpaka wake: faili moja haiwezi kuzidi GB 4. Ving'amuzi vilivyotengenezwa kwa akili hukata rekodi vipande vipande na kuvicheza mfululizo bila wewe kuhisi. Vile vingine husimama tu. Hapa ndipo pa kupambanua ugonjwa wako, na utahitaji hesabu kidogo.

Kila megabiti 1 kwa sekunde ya matangazo ni MB 450 kwa saa. Stesheni ya ubora wa kawaida ikienda kwa megabiti 3, saa moja ni GB 1.35, na itachukua karibu saa tatu kuufikia mpaka wa GB 4. Ya HD inayokwenda kwa megabiti 6 itaufikia baada ya saa moja na nusu hivi. Usikisie kasi ya stesheni yako: rekodi dakika 10, tazama ukubwa wa faili, zidisha kwa sita. Sasa rudi kwenye dalili. Kurekodi kukikatika kila mara faili ikiwa na ukubwa ule ule, karibu GB 4, ni mpaka wa FAT32. Kukikatika bila mpangilio, kama ulivyoandika, dakika 12 leo na 35 kesho, FAT32 haina hatia. Washukiwa ni flashi yenyewe, NTFS ya jirani, umeme wa tundu la USB, au mawimbi ya antena.

Anza na flashi, kwa sababu sokoni zimejaa feki, na GB 64 ni ukubwa unaopendwa sana na waghushi. Feki ya kawaida ina GB 8 halisi ndani, lakini imefundishwa kuiambia tarakilishi kwamba ina 64. Kuifomati haraka hakutafichua lolote. Inapokea data, inajaa kimyakimya, na kinachofuata kinaandikwa juu ya cha zamani au kinapotea hewani. Jina la faili utaliona, ukubwa utauona, lakini ukilifungua ni giza. Dawa ni programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux na Mac: inaijaza flashi yote kisha inasoma upya kila kitu kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichohifadhiwa. Ifute flashi kwanza, kisha uwe na subira. Kwa kasi ya MB 5 kwa sekunde, kujaza GB 64 peke yake ni zaidi ya saa tatu na nusu, hujahesabu kusoma. Iache usiku kucha. Ikionekana ni feki, anayedaiwa ni muuzaji wa flashi, aliyekuuzia king'amuzi hana kosa.

Ikiwa ni halali, bado inaweza kuwa mzembe. Utajiuliza: matangazo ya megabiti 3 si hata nusu ya MB moja kwa sekunde, flashi gani itashindwa? Kwa wastani haishindwi. Inashindwa kwenye mapumziko. Flashi za bei ya chini kila baada ya muda husimama kupanga upya data ndani, sekunde moja au mbili, na king'amuzi kina kumbukumbu ndogo sana ya kushikilia matangazo wakati huo. Ikifurika, kinatupa ujumbe kwamba kifaa ni cha polepole, au kinaacha kurekodi bila kusema neno. Ndiyo sababu flashi inayonakili sinema vizuri kwenye laptopu inaweza kukwama hapa: laptopu huisubiri, lakini matangazo ya moja kwa moja hayamsubiri mtu.

Kabla ya kuihukumu, zima kitu kimoja ambacho wengi hawajui kimewashwa. Ni ile huduma ya kusimamisha kipindi cha moja kwa moja na kukiendeleza baadaye, kwenye menyu imeandikwa Timeshift. Ikiwekwa "Auto", king'amuzi huandika kila unachotazama kwenye flashi, saa zote, hata kama hujabonyeza chochote. Familia inayowasha runinga saa nane kwa siku, kwa megabiti 3, inaandika GB 10.8 kila siku za kutupwa. Flashi inachoka kabla ya wakati, inapata moto ukiigusa, na siku unapotaka kurekodi kwa kweli huenda ikawa inafanya kazi mbili kwa pamoja. Iweke "Off" na uitumie kwa kitufe tu unapoihitaji.

Ushauri wangu kwa anayerekodi kila siku ni diski ya inchi 2.5 iliyotolewa kwenye laptopu kuukuu na kutiwa kwenye kasha la USB. Hata ya GB 320 au 500 inatosha na kubaki. Kwa hesabu ile ile, GB 500 ni kama saa 370 za stesheni ya kawaida. Diski haina yale mapumziko ya flashi rahisi, wala haichakai upesi kwa kuandikwa. Tatizo lake ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 limekadiriwa kutoa miliampea 500, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea 1. Soma maandishi kwenye adapta ya king'amuzi chako. Ikiwa ni volti 5 ampea 1.5 au 2, hapo hapo king'amuzi chenyewe kinakula sehemu yake, kinachobaki hakimtoshi mgeni. Dalili ni mlio wa tik-tik kutoka kwenye kasha, taa inayowaka na kuzima, au king'amuzi kujizima na kujiwasha kila unapoanza kurekodi. Usibadilishe adapta ya king'amuzi kwa yenye volti tofauti ukidhani unaongeza nguvu, utaunguza. Tumia kasha lenye adapta yake, au kigawa-USB chenye umeme wake kutoka ukutani. Flashi ya kawaida ni nadra kupata shida hii.

Sasa habari za saa moja. Hapa king'amuzi kilitii ulichokiambia, ila mliongea kwa saa mbili tofauti.

Saa yake ni ya mfumo wa saa 24 na inaanza kuhesabu usiku wa manane. Habari za Kiswahili za saa moja jioni kwake ni 19:00. Ukiandika 01:00 kitaamka wewe umelala, ukiandika 07:00 kitarekodi kipindi cha asubuhi. Kanuni ya kukumbuka: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ongeza 6, kwa hiyo saa tisa alasiri ni 15:00. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku ongeza 18, kwa hiyo habari za Kiingereza za saa tatu usiku ni 21:00. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri toa 6, na hapo ndipo wengi hujikwaa, maana tarehe imeshageuka. Filamu ya saa saba usiku baada ya habari za Ijumaa, kwa king'amuzi ni Jumamosi 01:00. Sisi wa Pwani tuna mtego wa ziada: mzee akikwambia usiku wa Ijumaa anaweza kuwa anauhesabu tangu magharibi ya Alhamisi. King'amuzi hakijui hesabu hiyo, kiandikie tarehe kamili.

Halafu hakikisha saa yenyewe iko sawa. King'amuzi hupokea saa kutoka kwenye mawimbi ya stesheni, ikiwa ni saa ya ulimwengu, kisha hujumlisha ukanda uliowekewa. Kenya ni +3. Vingi hutoka dukani vikiwa 0 au na ukanda wa nchi nyingine, na mwenye nyumba hajali kwa sababu runinga inaonyesha bila saa. Fungua menyu ya muda, weka eneo GMT +3, zima kipengele cha saa za majira ya joto, kisha linganisha na simu. Ikitofautiana kwa dakika kadhaa na inabadilika unapohama stesheni, basi kuna stesheni inayotuma saa isiyo sahihi. Zima kujirekebisha na uiweke kwa mkono.

Bado haijaisha. Unapotegesha, orodha ile ina chaguo la aina ya kazi: kutazama au kurekodi. Chaguo la kwanza huwa ni kutazama, yaani king'amuzi kitaamka, kiende kwenye stesheni, kikae hapo kikiionyesha sebule tupu. Badilisha liwe "Record". Weka mara ngapi: mara moja, kila siku au kila wiki. Kisha vingine huuliza saa ya kumalizia, vingine urefu wa rekodi. Soma vizuri kinachoulizwa, maana 01:00 ya urefu na 01:00 ya saa zinafanana machoni. Na baada ya kutegesha, zima kwa rimoti, usizime soketi ukutani. Kuzima soketi ni tabia njema ya kuokoa stima, lakini king'amuzi kisicho na umeme hakina saa ya kukiamsha. Kikibaki kwenye usingizi wa taa nyekundu kinakula kidogo mno.

Ukitegesha kupitia ratiba ya vipindi inayoonekana kwenye skrini, kumbuka ratiba hiyo ni ahadi tu. Habari zikichelewa kwa sababu ya hotuba, king'amuzi hakitachelewa nazo. Anza dakika 5 kabla na umalize dakika 15 baada. Mechi ya ligi ipe saa mbili na dakika 15. Ya mtoano ipe saa tatu, kwani muda wa nyongeza na penalti hazimo kwenye ratiba ya mtu yeyote, na hakuna kinachouma kama rekodi inayokatika mpigaji wa tano akiweka mpira chini.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini wiki ijayo utaliuliza: mbona ninaporekodi, nikibadilisha stesheni kinanizuia? Kwa sababu kina jicho moja la kupokea. Stesheni za dijitali hazisafiri kila moja peke yake. Kadhaa hupakiwa pamoja kwenye masafa yale yale. Ukirekodi stesheni moja, jicho limefungwa kwenye masafa hayo, na unaweza kutazama nyingine zilizomo humo humo tu. Kwa Kenya, Citizen, NTV na KTN zinatangulia kufikiriwa pamoja kwa kuwa kampuni zao tatu ndizo zilizoungana kuunda ADN, mtandao wa kurusha mawimbi yao, ilhali KBC ina mtandao wake wa Signet. Usikariri majina, kagua mwenyewe: bonyeza kitufe cha taarifa ukiwa kwenye stesheni, soma masafa, kisha linganisha. Zinazofanana zinaweza kuchanganywa, moja ikirekodiwa na nyingine ikitazamwa, kama programu ya king'amuzi chako inaruhusu.

Ukitaka uhuru kamili, tazama nyuma ya king'amuzi. Vingi vina tundu la pili la antena la kutolea mawimbi. Kama runinga yako ina ndani kipokezi cha DVB-T2, yaani cha matangazo ya dijitali ya antena, unganisha kipande cha waya wa antena kutoka tundu hilo hadi runinga, tafuta stesheni kwenye runinga yenyewe, na sasa king'amuzi kinarekodi kipindi kimoja huku wewe ukitazama kingine kwa rimoti ya runinga. Ni waya wa bei ya chai na mandazi, nao hufanya kazi ambayo watu hununulia king'amuzi cha pili.

La mechi isiyofunguka kwenye laptopu ni jepesi. Faili hizo huwa za aina ya .ts au .mts, na kichezeshi kilichokuja na Windows mara nyingi huzikataa. Weka kichezeshi cha bure kiitwacho VLC. Ukifungua flashi utakuta folda. Vifaa vyenye chipu ya kampuni ya ALi huiita ALIDVRS2, na ndani yake kila rekodi ina folda yake na vipande vyenye namba 000, 001 na kuendelea. Nakili folda nzima, usichague kipande kimoja, la sivyo utakuwa na kipindi cha kwanza bila cha pili. Kuviunganisha kwenye Windows, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo uandike: copy /b 000.ts+001.ts mechi.ts. Ukitaka iende kwenye simu, ipitishe kwenye programu ya HandBrake iwe .mp4, itachukua muda lakini itapungua uzito sana. Ikiwa VLC nayo inaonyesha giza, jaribu rekodi ya stesheni nyingine. Stesheni za kulipia hurekodiwa zikiwa bado zimefungwa, na hufunguka tu kwenye king'amuzi kile kile chenye kadi au malipo yake. Hiyo si hitilafu, na hakuna programu halali ya kuiondoa.

Stima ikikatika katikati ya kurekodi, usifomati kwa hasira. Kwenye FAT32 ukubwa wa faili huandikwa kwenye daftari la diski kwa kuchelewa, kwa hiyo utaona faili la KB 0 ingawa data imo. Ipeleke flashi kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika chkdsk E: /f ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Kukiwa na kilichookolewa utaona folda ya FOUND.000 yenye faili za .CHK. Nakili kubwa kati yake, badilisha mwisho wake uwe .ts, jaribu kwa VLC. Mara nyingi utapata yote isipokuwa dakika za mwisho. Kwa sababu hiyo hiyo, usichomoe flashi wakati king'amuzi kimewashwa bila kupitia kipengele cha kuitoa salama. Na kama tundu la USB liko mbele, nunua waya mfupi wa kurefusha. Flashi iliyochomoza sentimita tano mbele ya runinga ni mwaliko kwa kila mtoto na kila fagio.

Antena sasa, kwa ufupi, maana huko ndiko kunakobaki kama flashi imepita majaribio. Ukitazama moja kwa moja, mkwaruzo wa nusu sekunde unausahau. Ukirekodi, unabaki pale milele, na mawimbi yakikatika kabisa kwa sekunde kadhaa vifaa vingine hufunga faili. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu. Kuna vipimo viwili, nguvu na ubora. Kinachokuhusu ni ubora. Kila mtengenezaji ana mizani yake, kwa hiyo usiihukumu namba, hukumu utulivu: uangalie dakika tano, mchana na tena usiku. Ukicheza juu na chini, au kushuka ghafla upepo ukivuma, tatizo ni huko nje. Kwa mji wa bahari kama Kilifi, fungua kwanza kiungo cha waya kule juu ya antena. Shaba iliyogeuka kijani kwa chumvi ndiyo mwizi mkuu. Kata sentimita 10 za waya hadi upate shaba inayong'aa, funga kiungo kipya, kisha kizungushie mpira wa kuzuia maji. Waya uwe RG6 wa omu 75. Na ile volti 5 ya antena kwenye menyu iwashe tu ikiwa antena yako ina kikuza mawimbi kinacholishwa na king'amuzi. Kwenye antena tupu, iache imezimwa, kwani king'amuzi kinaweza kulalamika kuhusu shoti ya antena.

Kwa hiyo, leo usiku: fomati ndani ya king'amuzi, zima Timeshift, weka GMT +3, rekodi saa moja na nusu mfululizo ukiwa umekaa hapo hapo. Ikikatika, azima flashi nyingine inayoaminika ya GB 16 au 32 na urudie stesheni ile ile. Ya pili ikifaulu, king'amuzi ni kizima, badilisha flashi. Zote mbili zikikatika wakati ubora wa mawimbi umetulia, hapo kirudishe dukani. Beba flashi zote mbili, adapta yake ya asili na rimoti, uombe kiwashwe kwenye kaunta na kurekodi mbele yenu wote. Mtu akikuambia suala litaisha akikubadilishia programu ya ndani kwa faili aliyoipakua, muulize kama ni ya modeli hiyo hiyo na toleo hilo hilo la bodi, kama lilivyoandikwa kwenye kibandiko chini ya king'amuzi. Akisita, usikubali. Programu ya modeli nyingine hukiacha king'amuzi kikiwa na taa moja nyekundu isiyozimika, na risiti yako haitakusaidia tena.